Olraiti Langoni

Hii sijawahi kuisimulia mbele ya ukoo, maana wao walikuwepo na waliona kwa macho yao, lakini ninyi marafiki zangu nawaambia, nichekeni kwanza kidogo.

Miaka ile ya vita vya shifta tulikuwa tumefungiwa na serikali kijijini karibu na Garissa, seng'enge pande zote, kutoka ni kwa ruhusa. Baba akafa alfajiri. Kwetu maiti hacheleweshwi, kwa hiyo tukamwosha, tukamsalia, ikabaki kumpeleka makaburini nje ya seng'enge, na wanaume wote walikuwa tayari, kila mmoja akitaka bega lake lipite chini ya kitanda cha maiti.

Adeer, kaka yake baba, akaniambia, "Nenda kwa afande, mkubwa wa askari, ukatuombee ruhusa. Ongea Kiswahili tu, bole bole."

Mimi nikaona Kiswahili hakimtoshi baba yangu. Nilisoma madarasa manne, na Kiingereza kilichonibakia kilikuwa neno moja, olraiti, ila lilikuwa neno la kazi nyingi: mwalimu wetu alikubali kwa hilo, alijulia watu hali kwa hilo, alimbembeleza mtoto anayelia kwa hilo, na akilisema huku anafunga kitabu tulijua somo limekwisha. Basi nikamsalimu afande, "Olraiti!" Akamwaga Kiingereza (nimejitakia mwenyewe), akauliza jambo, nikajibu olraiti, akainua kidole kimoja, olraiti, akaonyesha lango, olraiti sana, akapanda Land Rover akaenda zake.

Langoni askari akatuzuia. "Mtu mmoja tu na maiti. Mlikubaliana na afande."

"Nani alikubali?" nikauliza.

"Wewe. Kwa Kiingereza."

Adeer akanitazama. "Ulimwambia nini, wewe?"

Wanaume wakakiweka kitanda chini, wakarudi nyuma mmoja mmoja.

"Utambeba vipi peke yako?" askari akauliza. Akatundika bunduki begani. "Mimi si Mwislamu, lakini kubeba naweza."

Tukambeba, tukachimba kwa zamu, tukamlaza. Kwetu kila aliyekuja hutupa konzi zake za udongo. Nikatupa zangu, nikasogea kando kumpisha anayefuata, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

"Olraiti, ndugu," askari akasema taratibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nalia.

Siku hizi nikiambiwa jambo nisilolielewa nasema sielewi, hata ofisini, hata watu wakigeuka kunitazama. Wanangu huona aibu. Mimi hapana.