Nyumba Niliyopewa Harusini

Kakangu wa baba mmoja alipokuja na fundi kupima kuta za nyumba yangu, nilimwekea chai kwanza, ndivyo tulivyolelewa. Akanywa, akafuta midomo, akaniambia nyumba ni ya urithi, mnunuzi kapatikana anayetaka kuifanya ya wageni, nami nijitayarishe kuhama kabla ya Ramadhani. Watoto wangu walikuwa juu wakisoma.

Kwetu Amu, yaani Lamu, baba humtengea binti nyumba, na mume ndiye anayemfuata mke humo. Wangu tulipoachana, alitoka yeye, nikabaki mimi. Baba alinipa nyumba ile kwa mdomo, siku ya harusi, mbele ya watu. Nani angemdai baba yake karatasi? Ingekuwa kumtukana.

Shangazi yangu wa Shela alinitumia ujumbe wa sauti: njoo ukae kwangu, usigombane na nduguyo, watu watasema. Nikaanza kufunga mizigo. Nguo zilinitii, lakini nilipofika kwenye vyungu vya jikoni hasira zilinipanda. Kwa nini nifunge mimi? Nikavaa buibui nikatoka.

Pale forodhani kuna ofisi inayotoa msaada wa sheria bure. Aliyenipokea alikuwa mama wa bara, Mkristo, na kusema kweli nilimdharau moyoni; nilijua ataomba hati, na nikisema sina atanifungulia mlango nitoke. Hati aliiomba. Nilipomwambia sina, akauliza ni nani waliokuwapo siku hiyo na nani bado yu hai.

“Mama, usihame hata siku moja,” akaniambia. “Ukitoka, watasema umekubali.”

Alinisaidia kufungua kesi kwa Kadhi, tukaenda pamoja juani, na njia nzima nikaona haya kwa yale niliyomfikiria.

Kati ya wazee walioshuhudia, aliyebaki hai alikuwa somo yangu, bibi aliyenifunda na kuniingiza nyumbani usiku wa harusi. Anaishi Ndau. Nilimfuata kwa boti, naye akaja akilalamika: mawimbi, unene wangu, mapazia yangu. Nilifurahi kusemwa. Mtu anayekusema hajakukatia tamaa.

Mbele ya Kadhi, kakangu alieleza kwamba baba hakuacha kuingia nyumba ile hadi alipofariki, basi hakuitoa. Maneno yalikuwa na uzito, maana kisheria anayetoa zawadi lazima aikabidhi. Kadhi akamgeukia somo yangu.

“Kuya aliya,” akasema, akikubali kwamba baba alikuja. “Lakini tangu harusi hakungia ila kwa hodi. Husimama ndiani, mlangoni, hata aambiwe karibu. Nyumba aliyoijenga mwenyewe.”

Kakangu akasema huyo ni bibi mzee, amesahau. Kadhi akamuuliza yeye sasa, kwa utulivu, akimkumbusha kwamba yuko mbele ya Mwenyezi Mungu: alipokuwa akifuatana na baba yake kuja kwa dada, baba alikuwa akibisha hodi?

Nilimtazama usoni. Angekana tu, ningelala nje na wanangu. Aliangalia mikono yake.

“Alikuwa akibisha,” akasema. “Siku moja dada alikawia kuitika, mvua ikatunyeshea. Nikamwambia baba tuingie tu. Akanishika mkono, akaniambia hapa si kwetu.”