Jiko Nililopimiwa Mimi, Akapikia Mama Mkwe

Jamani, nimekosa, na sina pa kulipeleka kosa lenyewe. Naliweka hapa, jina langu libaki kwangu.

Nina duka hapa Bariadi. Natoka asubuhi, narudi giza likiingia. Anayepika nyumbani ni mama mkwe wangu, tunamwita mayu. Ni mfupi, hata begani hanifikii.

Mwaka huu mume wangu alileta fundi atujengee jiko la matofali, la kupikia umesimama, mayu apumzike kuinama kwenye mafiga. Fundi akauliza, "Mpishi wa humu ni nani? Namjengea kwa kimo chake."

Mume wangu alikuwa ametoka. Mayu alikuwa pale pale anachambua mchele. Nikaona aibu! Mwanamke mzima, fundi ajue kwamba napikiwa? Nikasema, "Ni mimi." Akanipima kuanzia sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Mayu akaendelea kuchambua mchele wake.

Basi jiko likamfika kifuani! Ikabidi apindue ndoo ya plastiki na kuipanda, ndipo aone ndani ya sufuria. Siku moja akaniomba kwa upole, "Mwanangu, fundi angelipunguza kidogo."

"Mayu, utazoea tu!" nikamjibu, huku nafunga mkoba niende zangu dukani.

Ole wangu! Mchana mmoja alikuwa anachemsha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ndoo ikapasuka chini yake. Akashika sufuria asianguke, ikamfuata na maji yote. Nilimkuta hospitali, mkono na kifua vimefungwa bandeji, ananiuliza mimi kama nimekula!

Kidonda kimefunga, ila mkono umejikunja, haunyooki tena. Nilimrudisha fundi, akalibomoa jiko, akalijenga upya kwa kimo cha mayu. Nikamwita aje kuliona. Akasimama mlangoni, akasema, "Limekuwa zuri," akarudi kukaa nje. Mwiko wenyewe hawezi kuushika.

Wageni wakija, anawaambia aliteleza. Mume wangu mpaka leo hajui nilimjibu nini fundi. Namwogesha mayu, namvalisha, lakini msamaha sijamwomba. Nifanyeje mimi?

Dada zangu, mkijenga jiko msione haya. Mwiteni anayepika, awe mama mkwe, awe binti wa kazi, asimame pale na apimwe yeye. Mimi sasa napika nimeinama, mgongo unaniwaka, na mayu ananiambia pole kila siku.