Kichupa cha Mama Mkwe

Siku niliyokwenda kutambulishwa kwa mama wa mchumba wangu, nilichoogopa zaidi ni kunuka mpunga.

Mimi ni Mkatoliki wa Bwegera, binti wa wakulima wa mpunga. Mchumba wangu ni wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wa Uvira, watu wanaomfukizia mgeni ubani kabla hajakaa vizuri. Mama yake akinikataa, ndoa hakuna. Mwanawe aliniambia hivyo bila kuficha.

Asubuhi hiyo, nikitafuta zawadi ya mama huyo, dukani nilishika kasha la manukato ya Paris, mazuri mpaka nikafumba macho. Bei yake ilikuwa magunia mawili ya mchele. Pembeni, kwenye sinia, kulikuwa na vichupa vya marashi ya mafuta, vifupi kama kidole gumba. Nikakumbuka mama yangu alivyoinama shambani msimu mzima. Nikarudisha kasha, nikanunua kichupa, nikamnunia mwenye duka kana kwamba ndiye aliyenifanya maskini.

Njia nzima nilijilaumu. Heri ningebeba mchele wenyewe.

Nilimkuta mama mkwe ameshatawadha, anangoja adhana ya alasiri. Nikampa kichupa kwa mikono miwili, macho chini. Akafungua, akanusa, akanikazia macho.

“Nani alikuambia asema minye sipakake ya alikoli wakati ya kusali?”

Hakuna aliyeniambia kwamba hajipaki manukato yenye alikoli akienda kusali, wala sikujua kuwa ya mafuta hayana. Kwetu tunajipulizia chochote tunapokwenda misa. Ningeweza kudanganya, lakini ukweli ulinitoka wenyewe.

“Hakuna, mama. Ile ingine ilinishinda bei.”

Alicheka mpaka akashika ukuta.

“Bakazamwana bengine bananiletea ile ya bei kali. Iko mu kabati. Ninarushiaka mu rido.”

Nikageukia mapazia. Kweli, yalinukia kama lile kasha la dukani.

Akajipaka nyuma ya masikio, akaingia kusali. Nikabaki mkekani peke yangu, nikicheka na kufuta machozi. “Alhamdulillahi,” nilinong'ona, na msalaba wangu shingoni.

Aliporudi alinivuta mkono, akanipaka tone kwenye kiganja.

“Mara ingine uniletee na muchele ya Bwegera, mutoto yangu. Benzako banaletaka chupa tu.”

Hapo nikashusha pumzi. Tangu asubuhi nilikuwa nimeibana.