Wimbo wa Vijana wa Kaptura

Harufu ya pasi ya moto kwenye nguo mbichi hunirudisha utotoni, sebuleni kwetu Maplewood, huko ughaibuni. Mama alikuwa akipiga pasi sare yake ya hospitali, nami nilikuwa nimekaa sakafuni nikitazama filamu kuhusu vijana wa Kinazi. Walivaa kaptura na tai, wakauzunguka moto wakiimba. Wimbo ulikuwa mtamu, nikaanza kuufuatisha.

"Unaimba nini?" Mama aliuliza.

"Ni wimbo tu," nikamjibu kwa Kiingereza.

Akaja kusimama nyuma yangu. "Sisi pia, tulipokuwa watoto kule kwetu, tulipangwa kando ya barabara tumwimbie rais. Nilifurahi mpaka nikalia."

Kwenye filamu, mvulana mmoja alimweleza kiongozi wao maneno aliyosema baba yake mezani dhidi ya serikali. Askari wakaja kumchukua yule baba. Mama akanitazama.

"Mwalimu wako akikuuliza tunaongea nini hapa nyumbani, utamwambia?"

Nilifikiri kidogo. Nilimpenda sana mwalimu wangu.

"Akiniuliza vizuri," nikasema.

Mama hakunigombeza. Alizima televisheni, akarudi kwenye sare yake. Ila tangu siku ile, kila nilipowakuta yeye na baba wakizungumza, walinyamaza kwanza, halafu wakaniuliza habari za shule.