Robota Alilolikataa Pua

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Pua, kuanzia kwa mlinzi wa getini hadi kwa mkurugenzi, na mwenyewe aliitika kwa madaha. Wala hakuwa na pua kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida tu, imebanwa katikati ya mashavu mawili yaliyonenepa kwa raha. Ukubwa wake ulikuwa kazini. Kila mwaka, mavuno mapya ya hopsi yalipofika kutoka ng'ambo, yaani yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu yake, Pua ndiye aliyeamua robota lipi linunuliwe na lipi lirudi lilikotoka.

Kazi hiyo aliifanyia kwenye chumba chenye meza ndefu na dirisha pana. Wakala wa hopsi alileta vipande vilivyokatwa kutoka kila robota, vimefungwa kwa karatasi, ukubwa wa tofali. Pua alinyofoa konzi moja, akaifikicha katikati ya viganja mpaka mikono ikanata utomvu, kisha akazamisha uso humo na kuvuta pumzi. Hapo chumba kizima kilinyamaza. Wakala, mtu mzima na suti yake, alisimama akimeza mate. Pua akitikisa kichwa, basi, robota hilo limeliwa na mbwa.

Ndivyo viwanda vikubwa vilivyo. Vinafunga mikataba hopsi ikiwa bado iko shambani, vinachagua kwanza, vinajaza vyumba vyao vya baridi. Kinachobaki ndicho kinachoteremka: kwa wauzaji wa jumla, kisha kwa maduka madogo, na mwisho kabisa kwa watu wanaojipikia bia majumbani kwa ndoo mbili na sufuria ya kuazima. Huko chini hopsi hufika imeshazeeka, imo kwenye vifuko vya nailoni, imekaa dirishani mwa duka ikipigwa jua mpaka inanuka miguu. Na huko chini ndiko alikokuwa shemeji yake Pua.

Huyu alikuwa mdogo wake mke wa Pua, wa tumbo moja, fundi wa kupaka rangi majumba, mtu mpole ambaye hata akioga vipi hakosi tone la rangi nyuma ya sikio. Chumba cha nyuma cha nyumba yake alikigeuza kiwanda. Kila alipopika bia, glasi ya kwanza alimpelekea Pua, kwa mikono miwili, mbele ya ndugu na majirani waliokuwapo. Na Pua kila mara alisema neno lilelile:

"Shemeji, nani amevua viatu humu ndani?"

Watu walivunjika mbavu. Shemeji naye alicheka, akachukua glasi yake, akaenda nyuma kuimwaga ndoo nzima. Hakuthubutu kumpa mtu mwingine bia iliyokataliwa na Pua. Angeanzia wapi? Kesho yake alirudi dukani kutafuta hopsi nyingine, na duka halikuwa na nyingine ila ileile ya dirishani.

Basi mwaka mmoja Pua akaugua mafua, mafua ya kawaida ya kulala kitandani na kulalamika. Yalipokwisha, harufu haikurudi. Aligundua siku aliyofungua mlango wa chumba cha baridi. Siku zote harufu ya hopsi ilimrukia pale mlangoni hadi machozi yakamtoka. Siku hiyo alihisi baridi tu. Akavuta pumzi tena. Akasogea mpaka kwenye marobota, akaweka pua juu ya gunia, akavuta mpaka kichwa kikamzunguka. Hakuna kitu. Akafunga mlango taratibu, akaangalia kushoto na kulia kama mwizi.

Hakumwambia mtu. Daktari hakumwendea, maana daktari ana muuguzi, na muuguzi ana majirani. Mke wake hakumwambia pia, ingawa siku moja wali uliungua hadi moshi ukatanda, naye akala akisifia, na mke akamtazama kwa muda mrefu. Mtu anayeitwa Pua atasema nini? Ajiite nani? Alijikaza kisabuni. Kwenye meza ndefu aliendelea kufikicha, kuzamisha uso na kuvuta pumzi, lakini sasa alichagua kwa macho: rangi ya hopsi, sura ya wakala, minong'ono ya wasaidizi. Kila jioni alirudi nyumbani amejaa aibu, na kila asubuhi alijipiga moyo konde na kwenda kudanganya tena.

Msimu uliofuata mambo yalikwenda, sijui kwa bahati gani. Msimu wa baada ya huo ndipo alipotumbukia. Wakala aliweka mezani vipande vya mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa kijani kibichi, unapendeza kuutazama. Wa pili ulikuwa umeanza umanjano, maua yake yamepasuka pasuka. Pua alifikicha yote miwili. Alichohisi ni vumbi linalotekenya. Akanyoosha kidole kwenye ule wa kijani.

Wakala alishtuka. "Mzee, una uhakika? Huu mwingine umeunusa vizuri?"

"Kati yangu na wewe, Pua ni nani?"

Wasaidizi wakacheka. Wakala akakusanya karatasi zake, akafunga kile kipande cha manjano, akatoka nacho kichwa chini.

Baada ya muda bia ya msimu huo ikawa tayari. Mpishi Mkuu wa kiwanda, mama mmoja asiyepoteza maneno, alionja kutoka kwenye tangi, akaonja tena. "Bia yetu mwaka huu ni bubu," alisema. "Haina la kusema." Pua akalaumu maji.

Siku zile zile shemeji alikuja nyumbani hashikiki kwa furaha. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono ikicheza hewani.

"Shemeji, leo nimeokota dodo! Duka limepata hopsi ya mwaka huu. Ya mwaka huu, unanisikia? Imefungwa kwenye karatasi ya fedha, inatoka kwenye friji. Muuzaji anasema kuna kiwanda kimekataa robota zima, kila mwenye kiwanda ameshajaza ghala lake, basi wakala akaona alikate vipande vidogo kuliko kupata hasara. Sijui ni mwendawazimu gani aliyekataa mali ile. Manjano kidogo kwa macho, lakini ukiifikicha, ewe!"

 Hapo hapo Pua alijua ni robota lipi, na mwendawazimu ni nani. Angeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili tu, na shemeji ni mtu wa kusamehe. Pua alifungua mdomo, akasema, "Hongera," akaomba chai.

Mke wake alikuwa akiandaa karamu ya mchana, Jumapili, kusherehekea miaka mingi ya mumewe kiwandani. Shemeji aliomba kitu kimoja tu: bia ya siku hiyo aipike yeye. Hakulala kwa ajili ya pipa lile. Alilisugua, akalifunika mablanketi yaliyoloweshwa maji lisipate joto, akakataa kazi ya kupaka rangi nyumba nzima ili asiliache peke yake.

Jumapili ilifika, sebule ikajaa. Wasaidizi wa kiwandani walikuwapo, majirani walikuwapo, shangazi wawili walikuwa wameshika viti vizuri. Shemeji aliingia na sinia, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, tone la rangi ya bluu liko palepale nyuma ya sikio. Juu ya sinia kulikuwa na glasi moja yenye povu lililosimama wima.

"Ya kwanza ni yako, shemeji," alisema. "Leo niambie ukweli."

Pua alishika glasi. Ilikuwa baridi, hilo alilijua. Watu wote walimtazama, na wasaidizi wake walikuwa karibu kabisa, tayari kuonja baada yake. Akiisifu na kumbe ni mbovu, Jumatatu kiwanda kizima kitajua. Akisema hajui, mchezo umekwisha.  Njia aliyoizoea ilikuwa moja tu, na aliifuata.

"Shemeji," alisema, "nani amevua viatu humu ndani?"

Sebule ililipuka kwa kicheko. Shangazi mmoja alimwagikiwa soda. Shemeji alicheka pia, lakini kicheko chake kiliishia njiani. Akaichukua ile glasi, akairudisha kwenye sinia kwa uangalifu, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Pua alikaa, akapokea makofi ya mgongoni. Aliona uso wake unawaka. Alijiambia kwamba huenda bia ilikuwa mbaya kweli, shemeji hajawahi kupika bia nzuri, huenda hakudanganya. Alijiambia hivyo mara mbili tatu, na kila mara aliliamini kidogo kuliko mwanzo.

Mpishi Mkuu alichelewa. Alipitia uchochoro wa nyuma, kwa kuwa mbele pamejaa magari, na alipoingia sebuleni alikuwa ameshika kikombe cha plastiki kilichobaki na bia kidogo. Hakumsalimu mtu. Alimwendea Pua moja kwa moja, akainama kana kwamba anampongeza.

"Yule ndugu nyuma huko anamwaga nini?"

"Bia yake. Imeharibika."

"Imeharibika?" Alitazama ndani ya kikombe. "Nimemkuta ameshainamisha pipa, nikakinga haya matone. Mzee wangu, sijaonja kitu kama hiki mwaka mzima. Na hopsi hii naijua. Siku ile wakala alipotoka kwako nilipishana naye ukumbini, harufu ya kile kipande ikanifuata hadi ofisini. Nilijiuliza kwa nini umekikataa. Nikasema, Pua ana sababu zake."

 Mama yule alimtazama machoni, akashusha sauti zaidi.

"Tangu lini?"

Natamani ningesema kwamba alijitetea, walau kidogo. Hakuweza. Alitaka ardhi ipasuke immeze na kiti chake. Upande wa pili wa chumba mke wake alikuwa amesimama na rundo la sahani. Hakusikia maneno, lakini alizitazama nyuso zao, kisha akainamisha macho, na Pua akajua kwamba mke wake alikuwa amejua siku zote, tangu ule wali ulioungua, na alikuwa akimstahi. Hilo lilimchoma kuliko yote. Aliinuka, akapita katikati ya wageni wake mwenyewe bila kuwaangalia.

Nyuma ya nyumba pipa lilikuwa limelazwa ubavuni. Povu lilikuwa bado linateremka kwenye mtaro, jeupe na zito. Shemeji alikuwa amekunja mikono ya shati, anasugua ndani ya pipa kwa brashi.

"Acha, shemeji," Pua alisema. "Acha kwanza."

"Namalizia. Likikauka halitoki."

"Sikuinusa."

Brashi ilisimama.

"Sina pua," Pua alisema, na maneno yakamtoka kwa fujo. "Ilikwenda na yale mafua. Sisikii kitu. Sisikii hopsi, sisikii chakula, sisikii hata mtaro huu. Lile robota ni mimi niliyelikataa, kwa sababu ya rangi yake. Na bia yako nimeisema vibaya kwa sababu niliogopa. Mpishi Mkuu ameionja. Anasema hajaonja kama hiyo mwaka huu."

Shemeji aliutazama mtaro. Povu la mwisho lilikuwa linazunguka kwenye wavu, halijaamua kushuka.

"Kwa hiyo ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri. Nisamehe, shemeji. Nimekutia aibu mbele za watu, na aibu ilikuwa yangu."

Shemeji alifikiri. Hakuonekana mwenye hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka vitu alivyoviweka mahali. Alijifuta mkono kwenye suruali, polepole.

"Na zile za zamani?" aliuliza. "Zile za kabla hujaugua. Nilimwaga zote, shemeji. Ndoo kwa ndoo. Zile ulikuwa unazinusa kweli?"

Pua alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini aliuona mkono wake mwenyewe ukipokea glasi, miaka yote ile alipokuwa na pua nzima yenye sifa zake, na glasi ikiwa bado iko kifuani, haijapanda hata kufika kidevuni, macho yake yalikuwa tayari yanazunguka chumbani kutafuta watakaocheka.

"Ile ya kwanza kabisa," alisema, "niliinusa."

Shemeji alingoja aendelee. Ndani ya nyumba watu walikuwa wakiita, wanamtaka mwenye sherehe aje akate keki.