Niliwaambia wasiojua kusoma wabaki nyumbani

Admin, nifichie jina langu na la shule, maana huku wilaya ya Tanganyika ukitaja kata tu watu wameshakujua. Mimi ni mwanamke wa miaka 36. Mume wangu na watoto wetu wawili wako Mpanda mjini, mimi niko kijijini nafundisha darasa la pili, mwaka wa kumi na moja sasa. Wenye matusi karibuni, nimestahili.

Darasa langu lina watoto mia moja na saba. Wengi kwao ni wafugaji, Kiswahili wanakikuta shuleni, na mimi huyo huyo niwafundishe kukisoma. Mwaka huu tukaletewa mwezeshaji wa kutusaidia walimu, nitamwita Anna ingawa si jina lake. Kila baada ya wiki mbili anafika na pikipiki, anakaa nyuma ya darasa na daftari, kisha tunapanga pamoja masomo yanayofuata. Yeye ndiye alinionyesha kuwagawa watoto kwa kile wanachokiweza: kundi la herufi, la silabi, la maneno na la hadithi. Ilisaidia kweli, simnyimi haki yake. Siku ya kwanza aliniambia, "Dada, sijaja kukukagua. Nimekuja tusaidiane." Nikatabasamu, moyoni nikasema haya, tutaona. Tangu nianze kazi, kila aliyekaa nyuma ya darasa langu na kalamu aliondoka ameniachia maumivu ya kichwa.

Baadaye akasema atakuja kuwasikiliza watoto wasome mmoja mmoja. Kundi la herufi lilikuwa limebaki na watoto saba. Nikaona hawa ndio watakaoniaibisha. Mchana wa siku iliyotangulia nikawaita pembeni, nikawaambia, "Nyie kesho msije, mpumzike nyumbani." Sita wakaondoka wanarukaruka. Wa saba, binti wa Kisukuma wa miaka tisa, tumwite Kabula, akabaki amesimama. "Mwalimu, nimekosa nini?" Nikamwambia hujakosa kitu, nenda. Sikumtazama hata usoni.

Kesho yake darasa lilisoma vizuri mno. Anna akauliza, "Wale wa kundi la herufi wako wapi?" Nikajibu wamehama na ng'ombe wa wazazi wao. Akaandika hivyo hivyo. Akanikumbatia kwa furaha, halafu akasema, "Dada, kama kundi la herufi limeisha, basi siku zako nazipeleka shule ya jirani. Wenzako huko wana hali mbaya." Kumbe alikuwa amekuja kunisaidia kweli, na mimi nimemficha watoto wale wale aliowajia.

Wiki iliyofuata sita walirudi, Kabula hakurudi. Mama yake akaja na baiskeli, akasimama mlangoni mwa darasa. "Mwalimu, mwanangu ulimfukuza kwa kosa gani?" Mtoto alifika nyumbani analia kwamba amekataliwa kwa sababu ni mjinga. Baba yake alimwandikisha shule kwa kusukumwasukumwa na mwenyekiti wa kitongoji, kwa hiyo akasema kama walimu wenyewe wamemkataa, basi. Akamchukua, wakaenda na ng'ombe porini kwa baba yake mdogo. Uongo niliomwambia Anna ukawa kweli kwa mtoto mmoja.

Niliongozana na yule mama mpaka kwake. Ukutani, upande wa nje, kulikuwa na maandishi ya mkaa. "Anaandika majina ya ng'ombe wetu," mama akasema. "Mie sijui kusoma. Hebu nisomee." Nikasoma: Kidoti, Shilingi, Mweupe, Mama Lao. Kila jina akaitikia, ndiyo, huyo tunaye. Jamani, huyu ndiye mtoto niliyemwacha kwenye herufi! Darasani alikuwa anaogopa kuchekwa kwa Kiswahili chake, ananyamaza, na mimi sikuwahi kuinama nikamsikiliza. Mama akanyoosha kidole chini kabisa. "Na hili la mwisho? Nilimuuliza akacheka tu, akakataa kuniambia. Hatuna ng'ombe mwingine."

Lilikuwa jina langu. Nikamwambia limefutika, halisomeki.

Nimeongea na baba yake kwa simu ya mwenyekiti. Hakunitukana, na bora angenitukana. Alisema, "Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe. Simama kwenye kikao cha wazazi useme kosa ni lako, si la mtoto. Hapo nitamrudisha. Akirudi kimyakimya wenzake watamwita mjinga mpaka akue."

Nikamwendea mkuu wa shule. Akanisikiliza, akafunga mlango. "Ticha, usitutibulie. Taarifa imeshapanda juu, tumesifiwa. Na wiki ijayo wewe ndiye unayekwenda kuwaelekeza walimu wenzako wa kata." Barua yangu ya kuomba uhamisho nikaishi na wanangu Mpanda iko mezani kwake, inasubiri sahihi yake. Hakuitaja, ila aliipapasa kwa vidole muda wote tunaongea. Na nikisema, Anna naye ataulizwa kwa nini aliandika alichoandika, wakati alinitendea wema mtupu.

Kikao cha wazazi ni Ijumaa. Wale sita bado wako kwenye herufi na Anna haji tena. Najua mtaniambia maji yakimwagika hayazoleki, lakini yule mtoto yuko hai, anachunga ng'ombe anaoweza kuwaandika majina, na anaamini hana akili kwa sababu mimi nilimfanya aamini hivyo.

Nishaurini kama dada yenu, nifanye nini? Na kama ni kusema, nianzie wapi: kwenye kikao, kwa Anna, au kwa yule mama ambaye kila siku anapita mbele ya jina langu ukutani kwake na hajui ni langu?