Mlima Wetu wa Nizwa

Harufu ya gundi ya unga wa ngano, ile inayopikwa jikoni kama uji, mpaka leo hunitia wasiwasi. Nikiisikia tu, narudi Nizwa ya miaka ya sabini, nimeganda mlangoni namchunga mama asiondoke.

Mama alikuwa hatulii. Mtu wa Moshi, kaolewa na Mwarabu wa Tabora, kaletwa Omani, mama yake mzazi kabaki kule Moshi. Kutwa anafungua dirisha, anafunga. "Milima gani hii, haina hata jani!" Siku moja baba akaja na picha kubwa aliyopewa na Mzungu wa ofisini kwao aliyekuwa akihama: mchoro wa zamani, milima ya theluji, chini ziwa, na swala wanakunywa maji. "Haya, mlima wenu huo!" akasema, meno yote nje. Mama akautazama weee, kisha akacheka. Akaitundika chumba anachosalia, na kila alasiri akakaa chini yake kunisimulia Moshi.

Ndipo akaja shangazi yangu, dada yake baba, kutoka Ibra. Hata kahawa hajamaliza.

"Wifi, unasali mbele ya sura za wanyama? Malaika wataingilia wapi? Ishushe!"

"Ikishuka, bibi, na mie narudi kwa mama'angu."

Loo! Nikamshika mama kanga, nikamfuata hata mlango wa choo.

Baba, maskini, hakugombana na mtu. Mwanamume asiyejua hata kuchemsha chai, aliingia jikoni akapika gundi, akakata karatasi za kijani, akazibandika juu ya swala, mmoja mmoja, mpaka wote wakatoweka. Shangazi akaikagua picha, pua karibu iguse kioo. Akatandika msala, akasali.

Nilipokuwa chuoni nikaikuta picha ile kitabuni. Milima ya Marekani, imechorwa karne ya kumi na tisa! Nikaenda nyumbani mbio, mjuaji mkubwa. Mama alikuwa anachagua mchele.

"Kwani mie sijui?" akasema. "Mlima wetu umesimama peke yake, huu una ndugu kila upande. Baba'ako alikuja kunioa masika, mawingu tupu, hakuuona hata ncha. Kaniletea picha yake na furaha ile, nimwambie nini?"

Na mie miaka yote nikiushukuru mlima kwa kutubakishia mama, kumbe aliyembakisha ni yule mzee aliyekuwa akikoroma chumba cha pili.